Pipa la Vidole Viwili

Mjukuu wangu hunipigia Jumapili, na hunipigia akiwa na hesabu. Simlaumu. Nilifundisha hesabu shule ya msingi hapa Mpanda mpaka nikastaafu, na tangu mwanangu ahamie Dodoma na familia yake, nyumba ya Majengo imebaki na mimi, kuku na redio. Mtoto asipopewa kazi ya nyumbani, simu yangu hailii.

Kwa hiyo aliponiuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, sikutaka kujibu upesi. Mwalimu wake alimwambia ndiyo kanuni, akariri. Nami ningesema hivyo hivyo, angenishukuru na kukata simu. Haraka haraka haina baraka. Nikabeba kigoda changu hadi uani, nikakaa kando ya pipa la maji.

Nikamwambia, haya mke mwenzangu, fikiria pipa. Kiangazi hiki maji ya bomba ni ya mgao, ukishajaza, unasubiri. Kila siku maji ya pipa langu yanashuka upana wa vidole viwili. Huko kushuka ndiyo hasi mbili. Baada ya siku tatu je? Akasema yatakuwa yamepungua vidole sita. Sawa, hasi sita. Sasa turudi nyuma. Siku tatu zilizopita tuziite hasi tatu. Pipa ni lile lile, kushuka ni kule kule. Siku ile maji yalikuwaje, ukilinganisha na leo?

Nikasikia televisheni yao, na mtu akicheka.

"Yalikuwa juu," akasema. "Yalizidi ya leo vidole sita."

Chanya sita, basi. Nilifurahi kama siku za ubaoni, na papo hapo nikajuta, maana ameshaelewa na sasa atakata. Nikaingojea ile asante yake. Badala yake akauliza kama ni lile pipa la bluu, la chini ya mpapai. Nikasema ndilo.

"Lakini tulivyokuja likizo lilikuwa linaisha siku mbili tu, bibi. Ukawa unatugombeza."

"Nyie mlikuwa wengi."

"Na sasa vidole viwili?"

Nilitaka kumtania kwamba siku hizi bibi yake haogi. Nikauacha utani. Nikamwambia ndiyo, ni viwili tu, niko peke yangu na upweke unanisumbua. Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo, hata mwanangu, ambaye kila akiniuliza hali namjibu namshukuru Mungu.

Nikaitazama simu nikidhani imekatika, salio lake limekwisha, kumbe dakika bado zinahesabiwa. Nikamuuliza kama ana swali lingine.

"Hesabu zimeisha, bibi," akasema. "Lakini sikati."