Nikiandika Nyumba ya Marehemu ni Yangu, Binti Yangu Atatolewa

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia ukurasa huu, na kwenu wasomaji wote, nawasalimu kwa heshima na taadhima, nikitumaini mu wazima pamoja na jamaa zenu. Niwieni radhi kwa kuchelewa. Barua hii niliianza kabla ya Pasaka, nikaiweka kando kwa aibu. Naomba pia jina langu lifichwe.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, naishi pembeni mwa mji wa Kisumu. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Ameacha nyumba ndogo huko Sondu, aliyoijenga mwenyewe kwa biashara yake ya samaki. Mbele kuna wapangaji. Chumba cha nyuma anakaa binti yetu na watoto wake, tangu ndoa yake ilipovunjika. Ndiye aliyemuuguza mamake. Marehemu alinitamkia mimi peke yangu kwamba nyumba ile ni ya binti. Hakuandika popote.

Kila mwaka, nilipojaza ritani ya ushuru, yaani fomu ya mapato, niliulizwa kama natangaza mapato ya mke wangu. Nilijibu ndiyo, nikaweka pesa za wapangaji kwa jina lake. Hata baada ya kumzika niliendelea hivyo, kwa kutojua. Mwaka huu ritani ikakataliwa.

“Mzee, imekataa tena,” akasema msichana wa saiba, pale wanapotujazia fomu kwa kompyuta. “Inasema namba ya ushuru ya Mama imefungwa. Kwani Mama yuko wapi?”

“Alitangulia.”

“Woi! Pole sana, Baba. Basi hapa tuweke hapana, na hiyo nyumba uandike ni yako.”

Nikamwomba radhi, nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akanieleza kwamba familia huenda mahakamani, akateuliwa msimamizi wa mali ya marehemu, naye ndiye hujaza kwa niaba yake. Lakini watoto wote hutakiwa kukubali. Nikampigia simu mwanangu wa kwanza, anayekaa mtaa wa Milimani. Ndiye aliyepeleka cheti cha kifo kwa watu wa ushuru, na katika hilo hakukosea.

“Baba, mahakama ya nini? Mimi na ndugu zangu hatuweki sahihi. Andika ni yako, imeisha.”

“Na dada yenu?”

“Dada aliolewa, Baba. Ikiwa yako, kesho ni yetu. Yeye arudi kwa bwanake.”

Nikiiandika yangu, nitakuwa nimewapa wanangu karatasi ya kumtolea dada yao nje. Nikiacha kuitaja, nitakuwa nimedanganya. Nikirudia ya zamani, inakataliwa. Na Juni, mwisho wa kujaza, inakwisha.

Jumapili iliyopita binti alikuja kunifulia, akanichokoza: “Mwalimu mzima, umefeli ritani! Sisi ulikuwa ukitupiga kwa kufeli hesabu.” Nikacheka naye. Sikuweza kumwambia.

Nawasihi, ninyi mnaoyajua mambo haya, nishaurini: niandike jina la nani mahali pa mwenye nyumba?

Simu yangu ni ya kupiga tu. Atakayeichukua barua hii, aichape na kuwatumia, ni binti yangu huyo huyo. Bado hajui yaliyomo. Nimemwomba tu asibadilishe neno lolote.