Komeo Lenye Masikio

Nilikwenda Jeddah kutafuta komeo kwa sababu mlango wangu ulikuwa umegeuka njia ya kila mtu. Chumba changu kiko nyuma ya jiko, Al-Sulimaniyah, Riyadh, na katika nyumba ile ninayofanyia kazi hakuna aliyejua kupiga hodi. Madam aliingia akitafuta pasi, baba mwenye nyumba akitafuta chaja, na watoto wao, Turki na Nuf, wakitafuta biskuti zangu. Siku moja madam na watoto walinikuta na kanga moja, mguu juu ya kitanda, napaka mafuta. Hakuna aliyetoka. Nikaapa nitapata komeo.

Alhamisi alfajiri tuliingia garini, familia nzima na mimi, kwenda likizo. Njiani jangwa, jangwa, ngamia, Turki akanitapikia mapajani, jangwa.

Jeddah tulifikia Al-Baghdadiyah. Ijumaa jioni madam alinipa ruhusa, na shoga yangu Kadzo, wa Kilifi kama mimi, akanipeleka Ghulail kwenye kiduka cha Mama Fanta, Mbamana wa Mali. Ukutani alikuwa ametundika makomeo ya mbao ya kwao. Moja lilinivuta: mwanamke wa kuchongwa, shingo ndefu, masikio makubwa kupita kiasi, na ubao mnene umempita tumboni. Ubao huo ndio hufunga mlango. Ufunguo wake una meno ya chuma, mswaki mtupu.

"Kwetu bibi harusi hupewa hili," alisema Mama Fanta kwa Kiarabu cha Jeddah.

"Nitalipigilia ndani, nijifungie nilale."

"Ndani mafi, hakuna, habibti! Hili hukaa nje. Unafunga ukitoka."

Nilitaka kulia. Safari yote ile! Kadzo alicheka mpaka akakaa chini. Nikalinunua hivyo hivyo, maana uso wake ulikuwa na dharau niliyoihitaji.

Tuliporudi Riyadh, madam aliliona kama pambo tu, akakubali nilipigilie nje ya mlango wangu. Turki akauliza masikio yale ni ya nini.

"Bibi huyu anasikiliza," nikamwambia. "Asiposikia hodi, biskuti zote hugeuka mawe."

Uongo mtupu, Mungu anisamehe. Watoto wakaamini papo hapo. Madam alijitia kucheka, lakini kesho yake nilimsikia akinong'ona, "Hodi."

Kumbe sikuwa nikitaka kufuli, nilitaka kuulizwa. Hilo ndilo nililojifunza, na lilinifurahisha kuliko mshahara.

Jana mchana nilikuwa nimejinyoosha kitandani. Nikasikia kikohozi cha baba, kisha sauti ya upole ikiliambia lile sikio la mbao, "Hodi?"

"Ngoja kwanza, baba," nikasema.

Akangoja.