Simu ya Fidia Iliyonikuta kwa Baba Mkwe

"Mama yangu, unaweza kuzuia mkojo?"

Swali lilitoka kwenye simu kwa sauti kubwa, mvua inapiga bati, na baba mkwe wangu ameketi pale pale barazani, amejifunika koti lake. Nikaendelea kupukuchua maharage. Kijana wa ofisi ya fidia akadhani sijasikia, akapaza: "Mkojo, mama! Unauzuia au unatoka wenyewe?"

Nikasema, "Nauzuia."

"Na haja kubwa?"

"Hakuna tabu."

Nasema hivyo huku nimekalia kitambaa kilicholowa tangu alfajiri.

Watu hapa Rungwe Mpya wanasema nilijinyima fidia mwenyewe kwa mdomo wangu. Wacha niseme ilivyokuwa, halafu waseme tena.

Mimi nilikuwa nashika bendera kwenye barabara, ile inayojengwa kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Nyekundu gari isimame, kijani ipite. Darasa la nne langu lilinitosha kwa kazi hiyo. Kulikuwa na tipa moja la kokoto ambalo zamani lilikuwa linalia likirudi nyuma, kisha likaacha kulia. Dereva alimwambia msimamizi mbele yetu wote kwamba hilo gari lirekebishwe. Msimamizi akamjibu, "Wewe unataka tipa au unataka muziki?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Siku iliyofuata msimamizi huyo huyo akaniambia niweke bendera chini, niende kuondoa mawe nyuma ya tipa hilo hilo. Nilikuwa nimeinama. Sikusikia kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusikia. Lilinibana kwenye mawe ya ukingo, kiuno na nyonga. Madaktari walifanya walichoweza, natembea kwa fimbo, lakini mkojo haukurudi kunisikiliza. Unatoka unapotaka. Kanisani siendi, maana najua benchi langu linavyobaki tupu kulia na kushoto. Mume wangu alikwenda Kaliua kulima tumbaku, akapata mke wa huko. Ni baba yake, mzee huyu, aliyesema mimi sitoki kwenye mji wake.

Na msimamizi alipoulizwa alisema nini? Alisema nilikwenda nyuma ya gari kwa ujinga wangu. Huyo ni wa kwanza wa kujibu, nimemtaja.

Madai yangu yalizunguka mpaka nikachoka kuuliza. Mwisho wakasema limebaki jambo moja: mahojiano kwa simu, siku ya Alhamisi asubuhi. Watauliza mwili wangu unaweza nini na hauwezi nini, ndipo waamue kama nitalipwa kila mwezi au basi. Kwangu malipo hayo yalikuwa ni mtu wa kunilimia muhogo, na sabuni, na kutokula jasho la mzee ambaye hata mwenyewe hana nguvu.

Wifi yangu anauza nguo sokoni Kasulu mjini, mdomo wake haujui kulala. Alikuja akasema, "Hawa watu wa ofisi hawakuoni, wifi. Wanaona maneno tu. Kaa hapo nikuulize." Akashika kigunzi cha mahindi sikioni kama simu, akabana sauti: "Haloo, mama. Unaweza kubeba ndoo ya maji?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nyonga."

"Nyonga imefanyaje? Unataja nyonga kama uko kwa muuza kuku! Sema mfupa ulivunjika, ukibeba unaanguka."

Nikasema. Akaendelea mpaka akafika kule. Nikasema, "Hapo sijambo sana."

Akatupa kigunzi. "Wewe! Mbuzi wa jirani alipokula mahindi yako ulimtukana mwenyewe mpaka kijiji kizima kikatoka nje. Leo neno mkojo linakushinda?"

"Mkojo wenyewe ndio umenishinda, sembuse neno lake."

Tukacheka, tukacheka mpaka nikalowana pale nilipokaa. Wifi akaona. Akaacha kucheka, akasema taratibu, "Hilo. Hilo ndilo la kuwaambia."

Tukapatana. Jumatano jioni atakuja kunichukua nilale kwake, Alhamisi nipokee simu chumbani, mlango umefungwa, yeye na mimi tu. Kwa sababu simu yangu ni kitochi kilichoanguka mara nyingi, sikioni haisikiki tena, inasikika kwa spika tu. Kila anayesikia mvua anasikia na simu yangu.

Jumatano asubuhi nilikuwa barazani kwa mzee napukuchua maharage. Mvua ikaja, naye akatoka shambani akajikinga hapo hapo, ameketi mbali kama inavyotakiwa, uso ameuelekeza nje. Simu ikaita. Kijana, sauti nzuri, lafudhi ya Dar.

"Mwanangu, si mlisema kesho?"

"Ratiba imesogea, mama yangu. Uko tayari?"

"Niko kwenye watu. Naomba nipigie baadaye kidogo."

"Nina watu wengi sana leo. Ukikosa sasa utaanza maombi upya."

Mtu mwenye miguu angenyanyuka akaenda. Mimi kusimama ni kushika nguzo, kuvuta mguu, kupumzika, kuvuta mwingine. Ningefika mlangoni kijana ameshakata. Na mvua ile, ningekwenda wapi? Nikabaki. Mambo ya ndoo na jembe nilijibu vizuri, kama wifi alivyonifundisha. Kisha akauliza lile.

Kwetu baba mkwe hupiti mbele yake umesimama, kiti chake hukikalii. Mwili wako wa chini hauna jina mbele yake. Tunaita isoni. Aibu ya Kiswahili ni ndogo kuliko hiyo. Mzee alikuwa anajua, ana pua kama watu wengine. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia mkwe wako anapiga kelele habari za mkojo wake ni kitu kingine.

Nilipomaliza kusema uongo ule, mzee akasimama. Akatoka kwenye mvua, na kifua chake kinachomsumbua, akaenda akasimama kwenye migomba, amenipa mgongo. Nikaelewa kwamba amenipisha niseme.

"Mwanangu, lile swali la mkojo, naomba turudi."

"Limeshapita, mama. Sasa tuko kwenye mikono."

"Mikono yangu mizima! Sikuumia mikono!"

"Basi naandika mikono mizima."

Nikamwita, nikamwambia nilidanganya, unatoka wenyewe, unatoka hata sasa. Akasema asante kwa ushirikiano. Mzee akarudi anatiririka maji, akauliza, "Wamemaliza?" Nikasema wamemaliza. Alikohoa kwa muda mrefu baada ya siku hiyo, na hakuniuliza tena.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu: ulemavu wangu hauzuii shughuli za kila siku. Wifi akawapigia. Wakamwambia sauti yangu ipo, nimesema mwenyewe.

"Alikuwa mbele ya mkwewe!"

"Dada, kwenye mfumo hakuna mkwe."

Wifi akaja kunitukana huku analia. "Wangekuuliza kama umekufa ungewajibu sijambo!"

Nimesikia msimamizi yule sasa yuko upande wa Kibondo, bado anasimamia watu. Kijana wa simu naye bado anapiga, leo anamhoji mwingine. Mimi nimesema yangu hapa, na mkojo nimeutaja. Sasa nataka wao wajibu. Nani aliruhusu tipa lisilolia lirudi nyuma juu ya watu? Nani alisogeza Alhamisi ikawa Jumatano bila kuniuliza? Nani alisikia nikisema nimedanganya, akabakiza uongo akatupa ukweli? Sitaki ujumbe wa simu. Nataka mtu, mwenye cheo chake, aje mchana aseme: ni mimi.