Mwanamke Aliyeleta Kuni Kabla ya Msiba

Mke wangu amenikataza kulisimulia hili. Anasema watu watadhani nimezeeka vibaya, au nimeanza kunywa ulanzi asubuhi. Waache wadhani. Yalinitokea mimi mwenyewe, mlangoni kwangu, hapa Njombe, jioni moja ya Julai, nikiwa na akili zangu zote. Ni chache, lakini zilikuwepo zote.

Unaijua Julai ya Njombe? Ukungu unashuka jua halijazama, hata choo cha uani hukioni. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko la mkaa namalizia shairi. Nilikuwa nimealikwa Makambako, kwenye mkutano wa kupinga ukatili majumbani, nikalisome mbele ya wageni. Malighafi nilikuwa nayo. Jirani yangu Mama Tumaini alikuwa anapigwa na mumewe, nyumba ya pili, tunapakana ukuta. Yeye akilia, mimi nachukua kalamu. Usinitazame hivyo.

Na mtaa je? Mtaa wetu una kundi la WhatsApp. Umeme ukikatika, simu inataka kupasuka kwa meseji. Kuku wa mtu akipotea, tunamtafuta mpaka bondeni. Mama Tumaini akipiga kelele, kundi linanyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Niliwahi kumuuliza balozi wetu wa nyumba kumi. "Mwalimu," akaniambia, "yale ni mambo ya ndani." Ya ndani! Kelele zinafika barabarani, hiyo ni ndani gani? Isitoshe, Baba Tumaini anauza viazi kwa bei ya ujirani na anaimba besi kwenye kwaya. Watu wanapenda besi.

Basi, nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa mwanamke wa makamo, simjui, amejitwika tita la kuni za miwati.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene. Sijaagiza kuni, dada."

"Haziuzwi hizi. Ni za msiba."

Niamini, hapo bado sikushtuka. Kwetu mtu akifa, kila nyumba hupeleka kuni na unga, na jirani wa karibu ndiye hukoka moto wa kwanza. Nikadhani amekosea nyumba. Nikamwambia hapa hakuna msiba.

"Bado," akasema. Akalitua tita ukutani, upande wa Mama Tumaini. "Naziacha kwako. Wewe ndiye wa karibu."

Ndipo nikaona. Kwa baridi ile, mimi nikisema neno moja natoa mvuke kama birika. Yeye mdomoni hakutoki kitu. Na manyunyu yalikuwa yanaanguka, lakini kuni zake zilikuwa kavu.

"Umezitoa wapi?" nikauliza.

"Zilibaki kwenye msiba wangu. Walileta nyingi mno. Nilipokuwa napiga yowe hakuja hata mmoja. Niliponyamaza wakaja wote, na kuni. Nikaona zisiozee pale bure."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilibaki nimesimama na karatasi mkononi, naye akaiona.

"Unaandika nini?"

Msomi ni msomi hata mbele ya mzimu. Nilimsomea!

"Nasikia kwa jirani, mama alia gizani,
Nasi tumo majumbani, twajifunika shukani..."

Alisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema, "Shuka? Njombe hii? Si mnalala na mablanketi mawili?"

"Blanketi lilikataa kuingia kwenye vina."

"Ahaa. Na mwenyewe umeshamsomea?" Akauelekezea ukuta kwa kidevu.

Kabla sijajibu, ukelele ukatoka upande wa pili. Haukuwa ule niliouzoea. Huu ulikatikia katikati. Niligeuka kusikiliza, na niliporudisha uso, mwanamke hayupo. Tita lipo. Kwenye tope la mlangoni hapakuwa na alama ya mguu.

Nikatoka mbio. "Jamani njooni! Anauawa!" Taa ya balozi, iliyokuwa inawaka, ikazimwa. Nikaugonga mlango wa Baba Tumaini kwa ngumi. "Kalale, mwalimu," akanijibu kwa besi yake ileile ya Jumapili. Nikapiga yowe tena. Hakuna. Mtaa mzima una masikio, na hakuna.

Hasira zikanipanda. Nikakumbuka maneno ya yule mama. Nikajaza kifua: "Msiba! Kuna msiba kwa Baba Tumaini!"

Haki ya Mungu, milango yote ikafunguka. Walitokea kwenye ukungu na kuni, na unga, na masufuria makubwa. Wanawake wameshajifunga khanga kiunoni, balozi kavaa koti lake la misibani. Mmoja alishaanza kulia njiani. Na kwa kuwa kwenye msiba hakuna kupiga hodi, waliusukuma mlango wote kwa pamoja, komeo likang'oka.

Mama Tumaini alikuwa sakafuni, damu usoni, anapumua kwa shida. Mumewe amesimama juu yake na mpini wa jembe, anatutazama kama mtu aliyekutwa uchi. Mama Tumaini akainua kichwa, akaziangalia zile kuni mikononi mwetu.

"Karibuni," akasema. "Leo mmewahi."

Unajua balozi alimgeukia nani? Mimi! "Mwalimu, umetangaza msiba wa uongo! Huu ni uchuro!"

"Ungekuja kwenye wa kweli?"

"Ningekuja! Lini nimewahi kukosa msiba, mimi?"

Lakini walikuwa wameshaona. Jambo lililoonwa na mtaa mzima huwezi tena kuliita la ndani. Wanawake walimbeba mwenzao kumpeleka hospitali, na wanaume, kwa aibu zaidi kuliko ushujaa, walimnyang'anya yule bwana mpini wakampeleka polisi. Mama Tumaini yuko kwao Bulongwa sasa, analima viazi vyake mwenyewe. Mimi hapa mtaani naitwa mzushi. Makambako nililisoma shairi. Walipiga makofi sana, na mama mmoja akaniomba nakala ya ubeti wa shuka.

Lile tita lilibaki ukutani kwangu. Mvua hailiwezi. Nilijaribu kuchoma kijiti kimoja, jiko zima likazimika. Likakaa hapo miezi, mpaka wiki iliyopita, asubuhi ya ukungu mzito, nikakuta halipo. Nilifurahi kidogo tu. Kisha nikajiuliza: amelipeleka wapi? Nimezunguka mtaa wote, sikuliona.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujalala leo, toka nje ukaangalie ukuta mnaopakana na jirani. Ukikuta tita la miwati, kavu, usiulize nani amekufa. Kagonge mlango. Usipofunguliwa, piga yowe. Wasipokuja, basi tangaza msiba. Watakuja, na kuni watakuja nazo.