Kioo cha Darini

Mtani wangu tulimzika Kintinku mwezi uliopita. Alikuwa mkaguzi wa majengo ya reli, Mgogo mwenye mikono mirefu kama ngazi yake. Mimi ni Mnyaturu, na kwa desturi yetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani. Tulianza kufahamiana siku niliyokuwa na kosa.

Nilikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni ya reli pale Itigi. Nilipewa chumba humo humo, nyuma ya jiko, mke wangu akiwa na mimba ya kwanza. Nyuki walikuwa wameingia darini. Asubuhi moja nikapanda na kienge, yaani fungu la magome ya kufukizia moshi, kama tunavyofanya porini. Sikupanda kwa ajili ya wageni, nilitaka asali. Kienge kikaniponyoka, kikateleza hadi pale bati linaposhuka kukutana na ukuta, mahali ambapo mtu hapenyi. Nikamwaga maji kuelekea huko. Sikuona moshi tena. Nikashuka na asali yangu, nikanyamaza.

Kesho yake mkaguzi akashuka kwenye treni. Kila mwaka alipita stesheni zote kukagua madari. Hakukanyaga dari yenyewe. Alitandika ubao juu ya boriti, akalala kifudifudi, akajisogeza, akigusa miti iliyo karibu na bomba la moshi kwa mgongo wa kiganja. Kwa pembe zisizofikika alikuwa na vioo viwili. Kimoja kilifungwa kwenye ncha ya fito, cha kuipeleka nuru pembeni. Cha pili alinipa mimi, nisimame uani na kulirusha jua hadi kwenye tundu la dari lililokuwa barazani.

"Mtani, shika vizuri!" akaita kutoka juu. "Au Wanyaturu hamjawahi kuona kioo?"

"Tumekiona. Ninyi Wagogo mngekiona, mngempelekea ng'ombe ajitazame!"

Akacheka huko juu. Nuru ikakaribia pembe ile. Ningekiinamisha kioo kidogo tu, asingeona kitu. Nikisema, nitafukuzwa, na mke wangu atajifungulia wapi? Lakini wageni walikuwa wanakuja jioni, na sisi wenyewe tulilala chini ya bati lile.

"Mtani," nikasema, "mulika pembe ya kushoto. Jana nilidondosha kienge huko."

Akasema, "Lete maji na mchanga. Usikimbie, utamwaga."

Kienge kilikuwa kimezama kwenye mavi ya popo na nta ya zamani, kinaungua polepole. Kenchi moja, mti unaobeba bati, ilikuwa imeanza kuwa mkaa. Akakivuta kwa fito, tukakizima, akashuka mweusi kama sufuria.

"Asali iko wapi?"

"Imebaki nusu."

"Ilete. Siwezi kuandika na njaa."

Akala, akaandika, akanisomea: mtunzaji alipandisha moto darini, mtunzaji mwenyewe alisema kabla haujaonekana. La kwanza hakulipunguza, na la pili hakuliacha. Mkubwa wetu alinigombeza mpaka masikio yakauma, akaamuru nibadilishe kenchi ile kwa mikono yangu. Sikufukuzwa. Mtoto wetu alizaliwa chini ya kenchi hiyo mpya, na kila mwaka niliendelea kumshikia mtani kioo.

Siku ya maziko watu walinisubiri nifanye mzaha. Nikatoa mfukoni kioo alichoniachia, nikalirusha jua ndani ya kaburi.

"Mgogo, nakumulikia. Kagua pembe zote. Ukikuta asali, usile peke yako."

Watu wakacheka. Mkewe naye akacheka, khanga ikiwa machoni. Mimi nililia baadaye, ndani ya treni, nikitazama dirishani ili nisionekane.

Mkewe alinipa kile kioo kingine, cha fito. Wiki ijayo mkaguzi mpya anafika Itigi. Nasikia bado kijana. Nimevisugua vyote viwili kwa majivu. Nitamwambia aanze na pembe ya kushoto, na nitamwambia kwa nini.