Amesema Hazimi

Binti yangu hulinda njia za siri za mtandao ambazo matawi ya hospitali hupitishia habari za wagonjwa. Hufanya kazi hapa jikoni, miguu juu ya kiti, macho kwenye vijitaa vya kijani vya kompyuta. Kabla ya kubadilisha mipangilio ya mtambo wa tawi la mbali, huuamuru ujirudishe ulivyokuwa iwapo atakosea, asije akajifungia nje. Leo bosi alifoka kwenye simu: "Zima ulinzi, mkuu wa hospitali yuko hotelini, anataka kuingia kwenye mfumo sasa hivi!"

"Sizimi, bosi. Wagonjwa hawatembezwi uchi."

"Kazi huitaki?"

"Naitaka. Ndiyo maana sizimi."

Bosi akakata simu. Nilimkonyeza binti yangu aombe radhi, maana nyumba nzima inamtegemea. Akapuliza chai yake tu. Simu ilipoita tena, niliipokea mimi.

"Amesema hazimi," nikamwambia bosi.