Nilizunguka mitaa yote Masasi kutafuta pa kuishi, nikaishia kununua kiwanja chenye mikorosho ya mtu

Wakuu, nawasalimu wote, mliolipia bando na mnaosoma kwa wifi ya ofisi.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Ni kweli tupu, na ningefurahi sana kama yangekuwa uongo.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni Mmakonde wa Mnyambe, Newala. Niliondoka nyumbani na begi moja la shule, nikaenda Dar, nikabeba mizigo, nikauza vitasa na bawaba kwenye baraza za watu, jioni nasoma. Leo nina Diploma ya Ununuzi na Ugavi, nina duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Masasi, na sijawahi kumpigia mjomba simu nikiomba chochote.

Sijisifu. Sawa, najisifu kidogo.

Ila hapo kwenye ununuzi pashikeni vizuri. Nimesomea kununua. Nina cheti chenye mhuri kinachosema huyu bwana anajua kununua.

Sasa tatizo.

Mke wangu, Mama Glory, ni mwalimu wa shule ya msingi Dar, mtu wa Singida. Mimi nilitangulia Masasi kufungua duka, yeye akabaki na mtoto. Fomu yake ya uhamisho ilikuwa imejazwa kila mahali isipokuwa sehemu ya sahihi.

Akaniambia, "Baba Glory, sisaini mpaka nione mtaa. Duka ni lako, mtaa ni wangu. Wewe utashinda dukani, mimi ndiye nitakayeishi na majirani."

Na Glory anaanza darasa la kwanza Januari. Maana yake nisipopata mtaa kabla ya hapo, mimi baba wa familia nakula chipsi peke yangu mwaka mwingine mzima.

Nikaanza research.

Nilianzia mtaa wa watumishi. Pazuri, kuta ndefu, mageti meusi, kila nyumba ina mtu wa mkoa wake: huyu Mhaya, huyu Mnyakyusa, yule Mchaga wa idara fulani. Watu wastaarabu sana. Nilikaa miezi miwili na mazungumzo yote yalikuwa uhamisho. Nani amehama, nani atahama, nani amekataliwa kuhama. Jirani yangu alikuwa na sofa bado limevaa nailoni, amekaa miaka sita.

Nikamsimulia mke wangu kwenye simu. Akasema, "Huo ni mtaa au stendi? Watu wote wamefunga mabegi."

Tukauacha.

Nikahamia upande wa Mkuti, karibu na soko. Wafanyabiashara watupu, watu wa kila kabila na kila bei. Hapo huhitaji saa ya kukuamsha. Kuna spika ya dawa ya panya, kuna spika ya viatu vya mtumba, na kuna bodaboda ambao kwao honi ni salamu. Nikampigia Mama Glory kumsifia jinsi huduma zilivyo karibu.

"Uko disko?" akaniuliza.

"Niko chumbani kwangu."

Akakata simu.

Nikapanda Mtandi, kule mlimani kwa Waanglikana. Hawa ni wajukuu na vitukuu wa waliobatizwa zamani na wamishenari, walimu na watu wa kanisa kizazi baada ya kizazi. Maua mlangoni, ua umefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga. Nilipanga chumba uani kwa mwalimu mstaafu. Swali lake la kwanza halikuwa kodi. Aliniuliza, "Babu yako kwenye kwaya aliimba sauti ya ngapi?"

Sikujua kama babu aliimba.

Jumapili ya pili nikaosha gari wakati wa ibada, redio ikiwa juu kidogo. Hakuna aliyenigombeza. Walinisalimia tu kwa upole, kila mtu, mfululizo, kwa wiki nzima, na kila salamu iliishia na "tunakuombea". Wakuu, kuombewa kwa namna ile ni bora utukanwe. Nikahama.

Mtauliza, kwa nini hukurudi kwenu Newala? Nilienda. Newala kuna hewa safi, ukisimama kwenye ukingo wa uwanda unaona bonde lote chini yako, baridi yake tamu. Siku ya kwanza tu ndugu walikuja kunipongeza, na kila aliyenipongeza alikuwa na jambo. Mjomba alikuwa ameshachagua kiwanja changu, katikati ya wapwa tisa. Nikaaga kwamba nina dharura dukani.

Basi nikaamua kununua kiwanja changu mwenyewe, mtaa mpya, pembeni ya mji, barabara ya kwenda Newala. Mtaa ule una kila kitu nilichokimbia kwingine ila kwa kiasi: walimu watatu, fundi bomba, mama wa duka, Wamakua wenyeji, Wayao, Mmakonde mmoja mchonga milango, na Msukuma ambaye hakuna anayejua alifikaje.

Muuzaji anaitwa Bwana Issa, mtu mpole. Nilimkagua kitaalamu. Kiwanja kimepimwa? Kimepimwa. Bikoni za mipaka? Hizi hapa. Mgogoro wa mipaka? Hakuna. Mirathi? Imeisha. Mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, nikasaini kila ukurasa. Nilimwonea huruma Bwana Issa, masikini, amekutana na professional.

Kulikuwa na mikorosho mitano. Nikaona inaziba ramani, mmoja umekaa pale pale ukuta unapopita. Nikaleta fundi na msumeno wa mashine.

Mti wa pili ulipoanguka, akatokea mama mmoja wa miaka hamsini hivi, kanga imefungwa kiunoni, anatembea haraka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nani kafiwa?"

"Hakuna aliyefiwa, mama."

"Aa. Nimeona miti yangu inaangushwa, nikajua mnatafuta kuni za msiba."

Miti yangu, anasema. Nikatabasamu. Nikamwambia kwa heshima kwamba kiwanja hiki nimekinunua, nyaraka ninazo, na kama ana shida aende kwa Bwana Issa.

"Issa ni mdogo wangu," akasema. "Baba yetu alimpa Issa ardhi, mimi akanipa mikorosho. Issa amekuuzia chake. Changu umenunua kwa nani?"

Huyo ndiye Mama Somoe.

Nikampigia Bwana Issa. Akajibu bila hata kushtuka, "Ni kweli kaka, mikorosho ni ya dada. Hukuuliza. Mtu wa hapa kitu cha kwanza anachouliza ni mikorosho."

Kwa wasio wa Kusini: huku ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mikorosho iliyoko juu yake ya mwingine. Mtoto wa miaka kumi analijua hilo. Mimi nimezaliwa nalo, nimelisahau Dar nikiwa nasomea kununua.

Kesho yake ofisi ya mtaa ilijaa. Mwenyekiti akauliza nina lipi la kusema. Nikaeleza sheria, taratibu, kanuni za manunuzi. Dakika ishirini. Nilipomaliza Mama Somoe akasimama.

"Mwenyekiti, huyu ni Mmakonde wa Newala. Kwao maji ni shida, hata hayo wanapimiana kwa ndoo. Leo amekuja kwetu anadhani miti inatolewa bure kama nyongeza ya nyanya!"

Ofisi nzima ikacheka, pamoja na yule Mmakonde mchonga milango. Msaliti.

Hukumu: nipande miche miwili mahali pa ile niliyokata na kuitunza mpaka izae. Mitatu iliyobaki isiguswe. Na kwa kuwa mmoja umekaa kwenye mstari wa ukuta, ukuta uachwe wazi pale, ili mwenye mikorosho apite bila kumgongea mtu geti.

Yaani mimi, muuza mageti, nikajenga ukuta wenye pengo la kupita ng'ombe.

Sikumwambia mke wangu. Nilimwambia tumepata mtaa, nyumba inapanda, hati mkononi.

Nikahamia nyumba ikiwa imepauliwa tu. Juni, saa kumi na mbili asubuhi, nasikia mashine inanguruma dirishani. Natoka, Mama Somoe ana mashine ya salfa mgongoni, anapulizia mikorosho yake hiyo dawa ya unga. Bati langu jipya la bluu likawa kama andazi lililomwagiwa unga. Gari vilevile. Na mimi.

"Mama Somoe, ungenipa taarifa kwanza!"

"Kwani ugonjwa wa mkorosho unatoa taarifa?"

Ikaja Oktoba, korosho zinaanguka, na Mama Glory akapiga simu: amepata ruhusa ya wiki moja, anakuja kuona. Fomu anakuja nayo. Akirudi nayo bila sahihi, basi tena.

Nikaenda kwa Mama Somoe na kilo mbili za sukari. Nikamwomba asije kuokota wiki hiyo.

"Mkeo ana mzio wa watu?"

"Amechoka na safari tu, mama."

Akapokea sukari. "Haya baba. Wiki moja. Korosho hazina miguu."

Mama Glory akafika na mtoto. Akaipenda nyumba. Akasalimiana na walimu wale watatu. Pengo la ukuta nikamwambia fundi hajamaliza. Mambo yanakwenda, naona kabisa kalamu inasogea.

Asubuhi ya tatu tunakunywa chai barazani. Chini ya mikorosho pamejaa mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, mekundu na ya njano, nzi wanafanya sherehe.

"Baba Glory, hii mikorosho ni yetu?"

Wakuu, hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli.

"Ya nani tena? Ukinunua kiwanja unanunua na vilivyomo. Ndiyo fani yangu."

Akafurahi. Akachukua ndoo, akajifunga kanga, akaanza kuokota, ananyonga korosho kutoka kwenye bibo kwa umakini kama anasahihisha madaftari.

Huku mtu anaweza kukuazima jembe, baiskeli, hata chumba. Lakini korosho iliyo chini ya mti wa mtu huiinamii. Kuna watu wamehama mji kwa jambo hilo. Na mimi nimemwinamisha mke wangu, mwalimu, mchana kweupe, mbele ya pengo ninalojua linatazama barabarani. Ningeweza kumwambia aache. Nikajimiminia chai nyingine.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kumwona mgeni."

Mama Somoe, na bakuli la mbaazi mkononi.

"Karibu mama, shikamoo," mke wangu akainuka.

"Marahaba mwanangu. Mgeni tunakukuta na kazi?"

"Naokota hizi korosho zetu, mama. Zinaharibika tu, Baba Glory hana habari nazo."

"Zenu."

"Zetu. Si zilikuja na kiwanja?"

Mama Somoe akanigeukia. Nilikuwa na kikombe mdomoni. Chai ilikuwa imeshaisha, ila sikukitoa.

"Mama Somoe, ngoja nieleze..."

"Usieleze. Ulishaeleza ofisini dakika ishirini."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaweka bakuli chini, akageukia barabara na kuita, "Mwenyekiti! Njoo umsikie Mmakonde wako, mikorosho imekuwa yake tena!" Mwenyekiti anakaa ng'ambo ya barabara. Alikuja. Fundi bomba alikuja. Hata Msukuma alikuja.

Mke wangu akasimuliwa yote: msumeno, kuni za msiba, hukumu, pengo, salfa, sukari kilo mbili. Yeye hakucheka. Akaiweka ile ndoo miguuni kwa Mama Somoe.

"Mama, nisamehe. Mimi sikujua."

"Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe umetumwa."

Wakainama wote wawili wakaendelea kuokota, wanaongea mambo ambayo nilipokaribia yalikatika. Nikakumbuka kwamba nina duka.

Nilirudi alasiri, hotuba yangu ya kuomba msamaha nimeiandaa yenye vipengele vinne. Mama Glory alikuwa mezani anachambua mbaazi. Fomu iko pembeni. Nikaangalia sehemu ya sahihi.

Amesaini.

"Kaa," akasema. "Dar tumekaa miaka tisa nyuma ya ukuta, jirani hata jina simjui. Kule ungenidanganya lolote, ningezeeka nalo. Hapa umenidanganya asubuhi, chai haijapoa nimeshaambiwa. Nimeupenda huu mtaa."

Nikataka kusema kwamba mtaa niliuchagua mimi, kwa research.

"Na lile pengo," akaongeza, "usije ukaliziba."

Somo, wakuu: ukija kununua kiwanja huku kwetu, kagua hati, kagua bikoni, halafu nyoosha kidole kwenye kila mkorosho uulize ni wa nani. Na mkeo mwambie ukweli mapema, usiwaachie majirani hiyo kazi, wanaifanya vizuri mno.

Hamieni Masasi, mitaa ipo ya kila aina, kila mtu na saizi yake. Waliowahi kuuziwa ardhi isiyo na miti yake, nisimulieni hapa chini nijue siko peke yangu. Na mnaotaka kuuliza hiyo diploma niliipata wapi, subirini kwanza, mke wangu bado anasubiri jibu.